Land Rover 109 iliyo juu ya mawe: spea za kuokoa na za kuacha

Msikilizaji wetu mmoja wa Yakobi alitupigia simu na swali ambalo tunajua si lake peke yake. Marehemu baba yake aliacha Land Rover 109 nyuma ya nyumba, gari lililowahi kuwa ambulensi. Liko juu ya mawe tangu yeye akiwa shule ya msingi. Kuku wanataga ndani, na mwati umeota ukapita katikati ya bampa ya nyuma. Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu amefika na mizani, anataka kulipima lote kwa kilo na kuondoka nalo siku hiyohiyo. Auze?

Hewani tulimwambia asubiri, kisha muda wa kipindi ukaisha. Jibu refu ni hili hapa, nasi tumeliandika kwa ajili ya kila mwenye mkweche wa namna hiyo kati ya Njombe na Makambako. Magari haya yalikuwa mengi huku: ya misheni, ya mashamba ya miti na chai, ya mabwana shamba, ya zahanati, na machache ya zimamoto yenye pampu na matangi ya maji. Mengi yalikufa kwa kukosa spea moja tu. Maana yake ni kwamba spea nyingine zote zilibaki nzima.

Kabla ya spana, karatasi

Tunaanzia hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia bila damu kutoka. Gari kuukuu lina mwenyewe hata kama limeota majani. Kama ni la mtu binafsi, tafuta kadi ya gari, kisha linganisha namba ya chasisi na ya injini zilizoandikwa kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye chuma. Kama mwenye kadi amefariki, warithi hawawezi kuuza kwa makubaliano ya barazani tu. Anahitajika msimamizi wa mirathi, na kwa familia nyingi safari hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo.

Kama gari lilikuwa la serikali, la shirika la umma au la mradi, usiguse hata taa. Mali ya namna hiyo huondolewa kwa kufutwa kwenye vitabu na kuuzwa kwa utaratibu, mara nyingi mnada. Gari kukaa miaka 20 nyuma ya ofisi ya kijiji hakulifanyi kuwa la kijiji. Ukilinunua mnadani, tunza stakabadhi hadi spea ya mwisho itakapouzwa.

Unapouza injini, mwandikie mnunuzi hati yenye namba ya injini, tarehe na majina yenu, mbele ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Mnunuzi akiifunga kwenye gari lake, namba ya injini itakuwa haifanani tena na kadi yake, hivyo atalazimika kupeleka mabadiliko hayo TRA. Hati yako ndiyo itakayomwonyesha askari wa barabarani kwamba injini haikuibwa. Ndiyo itakayokulinda na wewe pia.

Lijue gari unalolichinja

Mafundi husema "kuchinja gari", na neno hilo linafaa, kwani mchinjaji anayejua viungo hapotezi nyama. Land Rover ilianza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Series II ilitoka 1958, IIA 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 88 na 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ya 109 ndiyo ndefu, ndiyo maana iligeuzwa ambulensi na magari mengine ya kazi maalumu.

Ukitaka kuitambua haraka, tazama taa na saa za dashibodi. Taa kubwa zikiwa karibu karibu, katikati mbele ya rejeta, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa kwenye mbawa, ni IIA ya mwishoni au Series III. Saa za mwendo na joto zikiwa katikati ya dashibodi, ni Series II au IIA. Zikiwa mbele ya dereva, ni Series III.

Tofauti hizi ni pesa. Injini iliyoenea zaidi ni ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au ya dizeli. Hadi 1980 krenki yake ilishikwa na beringi kuu tatu, na baada ya hapo tano. Krenki ya beringi tatu haiingii kwenye bloku ya beringi tano, hata fundi akuapie. Gia boksi ya Series III ina gia zote nne za mbele zinazoingia laini, wakati ile ya nyuma yake ilikuwa laini kwenye gia ya tatu na ya nne tu, kwa hiyo ya Series III hutafutwa zaidi. Kwenye umeme, magari ya kabla ya mwaka 1967 hivi yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Ukichukua dainamo ya gari la namna hiyo, mwambie mnunuzi.

Spana za inchi

Kosa tunaloliona gereji nyingi ni kijana kuja na boksi la spana za milimita. Nati nyingi za gari hili ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, na ukikaza mkono kwenye nati yenye kutu unavunja pembe zake zote sita. Kuanzia hapo kazi ni ya tindo. Ya 19 inakaa vizuri, kwa kuwa robo tatu ya inchi ni karibu sawa nayo. Azima au nunua seti ya inchi kabla ya kuanza, hata ikiwa kuukuu.

Pili, usianze siku unayotaka kumaliza. Huku kwetu mvua na ukungu vimefanya kazi yao. Siku tatu kabla, piga brashi ya waya kwenye kila nati utakayoifungua, kisha ilowanishe kwa mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, asubuhi na jioni. Nati isiyotoka kwa kulegeza, jaribu kuikaza kidogo kwanza. Ikitoa mlio mdogo wa kuachia, rudi kinyumenyume taratibu. Moto wa gesi husaidia kwenye ekseli na chasisi. Usiutumie karibu na tangi, mpira, au bodi, kwa kuwa bodi ya Land Rover ni aluminiamu na inayeyuka kabla hujaiona ikiwa nyekundu.

Mambo manne yanayoua au kulemaza

La kwanza ni jeki. Gari lililokaa juu ya mawe miaka mingi limezoea hayo mawe, na ukiliinua upande mmoja linaweza kuteleza upande wa pili. Panga magogo mapana ya mti mgumu chini ya chasisi, pande zote mbili, kabla ya kuingiza kichwa. Tofali halibebi gari. Linapasuka bila taarifa.

La pili ni tangi la petroli. Tangi lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani limebaki na mvuke. Hata baada ya miaka, usilikate kwa gesi wala grainda ili kutengeneza beseni. Litoe zima, fungua koki ya chini, na uliache mbali na nyumba.

La tatu linajulikana na wachache. Kwenye stelingi kuna mtungi mfupi uliosimama wima ambao unageuza mwendo wa mikono ya stelingi. Ndani yake mna springi kali iliyobanwa. Ukiufungua mezani bila kujua, springi na vipande vyake vinaruka kama risasi ya gobori. Utoe mzima, uuze mzima, na wa kuufungua awe fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

La nne ni vumbi la breki. Lining za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Usipulize drami kwa mdomo wala kwa pampu. Mwagia maji, futa kwa kitambaa, kisha uzike kitambaa na lining ndani ya mfuko uliofungwa.

Kwa waliokuta gari la zamani la jeshi, tazama rimu. Baadhi ni za vipande viwili vilivyokazwa kwa nati. Nati hizo usizifungue kabla ya kutoa kiini cha vali na kuhakikisha tairi haina upepo kabisa. Malori ya zamani yenye rimu za pete yana hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi.

Injini: usiilazimishe

Watu wengi huleta betri, hugusisha starta, na injini iliyoganda huvunja ringi au meno ya flaiwili. Fungua plagi, au nozeli kama ni dizeli, mimina mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye kila silinda, na uache kwa wiki nzima. Kisha weka gia huru na uzungushe kwa hendeli. Gari hili lina tundu la hendeli kwenye bampa ya mbele, baraka ambayo magari ya leo hayana. Ikisogea hata kidogo, rudisha nyuma, sogeza tena, ongeza oili. Usining'inie kwenye hendeli.

Kabla ya kumwaga oili ya chini, legeza nati ya kumwagia taratibu na uone kinachotangulia. Maji yakitoka kwanza, au oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yaliingia ndani na beringi huenda zimeliwa. Oili nyeusi safi ni habari njema. Kwenye injini ya dizeli, kagua silinda hedi kwa makini karibu na vali, kwa kuwa hapo ndipo nyufa hujificha. Hedi yenye ufa iuze kama chuma, usimuuzie jirani.

Pampu ya dizeli na nozeli ni vitu vidogo vyenye thamani kubwa. Vifungue kwa uangalifu, ziba kila tundu kwa kitambaa safi au kipande cha plastiki, na usiruhusu mtu yeyote "aichungulie" pampu ndani. Punje moja ya mchanga inatosha kuimaliza. Kabureta, starta, dainamo au alteneta, rejeta, feni na puli zake, vyote ni vya kutoa na kutunza pakavu. Rejeta ina shaba ndani, ndiyo maana mnunuzi wa vyuma huiangalia kwanza huku akijifanya anaangalia bodi.

Difu na ekseli

Hapa ndipo tungependa msomaji akae kidogo, kwa kuwa kosa la difu huvunja gari la mtu mwingine.

Ekseli za Land Rover hizi zimetengenezwa ili uzito wa gari ubebwe na habu, siyo na hafu shafti. Hivyo unaweza kutoa hafu shafti bila hata kuinua gari wala kutoa gurudumu: unafungua bolti sita za sahani iliyo katikati ya habu na kuichomoa. Hafu shafti za nyuma zilijulikana kwa kukatika, hasa gari likibebeshwa magogo, kwa hiyo nzima ni mali. Ziviringishe kwenye sakafu iliyonyooka, na ukiona moja inayumba au meno yake yamejipinda kama kamba, itupe.

Sasa hesabu ya difu. Difu ya Series ni ya 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Land Rover zilizofuata, kuanzia One Ten ya 1983 hadi Defender, nyingi zina 3.54. Kwa macho difu hizo mbili zinafanana, na ya kisasa inaingia kwenye ekseli ya zamani. Baadhi ya watu hufanya hivyo makusudi ili gari liende kasi. Lakini mtu akifunga 3.54 nyuma na kuacha 4.7 mbele, siku atakapoingiza gia ya magurudumu manne kwenye tope la barabara ya kijijini, ekseli mbili zitavutana hadi kitu kivunjike.

Kwa hiyo pima kabla ya kuuza. Inua gurudumu moja la ekseli, la pili libaki limekanyaga chini na kuwekewa kigingi. Piga chaki kwenye propela na kwenye gurudumu lililo juu. Zungusha gurudumu mizunguko miwili kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikikaribia mitano, ni 4.7. Ikizidi kidogo mitatu na nusu, ni 3.54. Andika namba hiyo juu ya difu kwa rangi.

Kwenye 109 nyingi za baadaye, ekseli ya nyuma ni ya aina ya Salisbury, ile nzito yenye mfuniko wa bolti upande wa nyuma. Difu yake imejengwa ndani ya ekseli na haitoki kama kichwa kimoja, hivyo usipoteze siku kuing'oa. Iuze ekseli nzima. Hata ikikosa mnunuzi wa gari, ekseli yenye habu na beringi nzuri ni trela au mkokoteni tayari, na huku kwenye viazi na mbao haikosi mtu.

Kifaa kinachosahaulika: PTO

Wakulima wanaijua PTO ya trekta. Land Rover nyingi za kazi zilikuwa nayo pia: mkono wa kuchukua nguvu unaotoka kwenye transfa, nyuma ya gia boksi, kwenda katikati au nyuma ya gari. Ya zimamoto iliutumia kuzungusha pampu ya maji, nyingine zilizungusha misumeno na mashine za kusaga. Kama gari lako linayo, usiikate. Fungua gia boksi, transfa na PTO vikiwa vimeungana na uviuze pamoja.

Pampu ya gari la zimamoto mara nyingi ina shaba nyingi, ndiyo maana huwa ya kwanza kupotea usiku. Kama bado inazunguka kwa mkono na haina ufa, sisi tungeipeleka kwanza kwa watu wenye mashamba ya miti kabla ya mizani. Mioto ya kiangazi hapa kwetu inakula misonobari na miwati kila mwaka, na pampu inayofanya kazi mwezi wa tisa haipimwi kwa kilo.

Winchi ya mbele, ile ya ngoma iliyosimama inayozungushwa na krenki, ina pini ndogo iliyowekwa ili ikatike mzigo ukizidi. Angalia kama kuna mtu aliyewahi kuibadilisha kwa bolti ngumu. Kama alifanya hivyo, kagua gia za ndani kwa makini, maana zilibeba mzigo ambao pini ingeukataa.

Na neno kwa wapasua mbao: injini na PTO ya gari kuukuu vinaweza kuendesha msumeno, lakini mkanda au propela isiyo na kinga hushika koti na mtu aliyemo. Kinga ya bati ni kazi ya saa moja.

Bodi na chasisi

Paneli za bodi hufungwa kwa bolti, kwa hiyo zinatoka moja moja. Milango, bonati, mbawa na paa la ambulensi ni vya kuuza kama vilivyo. Vilivyokunjamana huenda kwa waundaji wa sufuria. Ila tenganisha aluminiamu na chuma kabla ya kupima, kwa sababu mnunuzi atalipa bei ya chuma kwa mchanganyiko wote. Vipande vya kingo vimepakwa zinki, na moshi wake ukikatwa kwa gesi huleta homa usiku. Kata ukiwa nje, upepo ukikuacha nyuma.

Chasisi ni boksi la chuma linalooza kutoka ndani. Igonge kwa nyundo ndogo urefu wote. Mlio mkali ni uzima, mlio mzito ni uozo. Iliyooza usimuuzie mtu wa kuchomelea na kurudisha barabarani. Springi za majani, hata zilizochoka, wahunzi wanazitaka kwa majembe na visu.

Visivyouzwa

Mipira ya breki, mabomba yake, silinda kuu yenye mpira wa zamani, vifundo vya stelingi vinavyocheza na tairi zenye nyufa: hivi tunaomba visirudi barabarani kwa jina la urafiki wala bei. Oili yote kusanya kwenye dumu. Dumu moja likimwagwa mtaroni Yakobi, maji ya mto yatalipeleka kwa watu wengine. Wenye nguzo za uzio huipaka kuzuia mchwa, ila mbali na visima na bustani. Betri kuukuu usiivunje kutafuta risasi, iuze nzima. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye muulize kibali chake, kwa kuwa biashara hiyo inasimamiwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004.

Nani atanunua

Anza na gereji za Njombe, kisha Makambako, ambako barabara kuu ya Mbeya inakutana na ya Songea na mafundi wa malori wanajuana. Piga picha mbili za kila spea, moja ikionyesha namba iliyogongwa au kuyeyushiwa kwenye chuma. Wapo pia wanaozitengeneza Land Rover za zamani kwa mapenzi tu. Mwaka 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, na waliokwenda na Series wanatafuta vibao vya jina, taa na saa za dashibodi ambazo mizani haizioni kabisa.

Msikilizaji wetu wa Yakobi alikuta kadi ya gari ndani ya Biblia ya baba yake, namba za chasisi zinafanana. Usimamizi wa mirathi bado anaufuatilia. Mnunuzi wa mizani amerudi mara mbili, na mara ya pili alipandisha bei. Kuku wamehamishwa.